Hades: mjomba au baba mkubwa? Shajara ya bango la ukoo wa miungu wa Kiyunani

Jumamosi, 4 Januari

Kazi imeanza leo. Nataka bango moja kubwa la ukutani, karatasi nane za manila zilizounganishwa kwa gundi, lionyeshe ukoo wa miungu na mashujaa wa Wayunani wa kale, kuanzia Khaos mpaka vita vya Troia. Pamoja na bango kutakuwa na daftari, kila jina na aya yake ya maelezo. Vyote vitakaa kwenye chumba cha kusomea cha mtaani kwetu, ninaposoma hadithi na watoto kila Jumamosi asubuhi. Orodha ya kwanza ina majina 120.

Walionisukuma ni watoto wenyewe. Desemba tulisoma kisa cha Herakles, na kila jina jipya likitokea kuna mmoja anauliza, "Huyo ni nani wake?" Nikijibu "ndugu yake", wanataka kujua ndugu wa vipi: wa baba mmoja, wa tumbo moja, au mtoto wa mjomba? Wana haki. Kusikiliza hadithi bila kujua nani ni nani kwa nani ni kama kuingia msibani usijue wafiwa ni akina nani.

Vitabu vya Kiingereza nilivyonavyo havinisaidii hapo, kwa sababu mjomba, amu, baba mkubwa na baba mdogo wote wanapewa neno moja. Itabidi nirudi kwenye nasaba yenyewe nihesabu matumbo.

Nitamfuata kwanza Hesiodos, aliyetunga Theogonia yapata mwaka 700 KK, shairi la mishororo elfu moja na kidogo linalotaja miungu kizazi kwa kizazi. Baada yake Homeros, anayesemekana kutunga Iliadi, utenzi wa vita vya Troia, kisha mkusanyaji wa baadaye anayejulikana kama Apollodoros. Wakipingana sitawapatanisha. Mstari mweusi uliokoza utakuwa wa Hesiodos, mstari wa vitone wa Homeros.

Kuhusu tahajia: Kiswahili hakina "c" isiyo na "h" nyuma yake, na majina ya Kiyunani yenyewe yana kappa, herufi yao ya "k", kwa hiyo naandika Herakles, Kronos, Kerberos. Waliozoea Biblia wanamjua "Zeu" na "Herme" wa Matendo 14, pale watu wa Listra walipomdhania Barnaba kuwa mmoja na Paulo kuwa mwingine. Nimeacha ile "s" ya mwisho ibaki, ili mtoto akikutana na jina hilo mahali pengine asipotee.

Jumanne, 7 Januari

"Miungu ya Kiyunani" au "miungu wa Kiyunani"? Biblia inasema "miungu mingine", kwa upatanisho wa miti na mito, na pale panafaa, maana amri yenyewe inakataza kuviinamia vitu vya kuchongwa. Lakini Zeus wa Homeros, mkuu wa miungu hao, anakasirika, anadanganywa na mkewe, na mwanawe Sarpedon alipokaribia kuuawa Troia alidondosha mvua ya damu juu ya ardhi kwa ajili yake. Mzazi anayelilia mwana siwezi kumpa upatanisho wa mti. Nimeamua: miungu walikusanyika, miungu waligombana, miungu wa Kiyunani.

Shangazi alikuwa na neno lake. Nilimwambia tatizo la imani nimelimaliza kwa herufi: Mungu kwa herufi kubwa, mungu kwa herufi ndogo. Akaniuliza, "Na ukisoma kwa sauti mwanangu, hiyo herufi ndogo wataisikia wapi?" Nilinyamaza, kwa sababu hawataisikia popote. Tumekubaliana kwamba kila kikao kitaanza kwa kusema wazi kuwa hivi ni visasili, yaani simulizi za watu wa zamani kuhusu asili ya ulimwengu wao, na kila mungu akitajwa mara ya kwanza nitasema "mungu wa Wayunani". Shangazi ameridhika. Mimi pia naona ndivyo inavyostahili kuwatendea Wayunani na kuwatendea wazazi wa watoto hawa.

Jumamosi, 11 Januari

Safu ya juu ya bango imekamilika kwa penseli.

Khaos nusura niandike "Fujo", maana ndivyo neno lilivyotumika baadaye huko Ulaya. Kwa Hesiodos halina fujo lolote. Ni uwazi mkubwa, kama kinywa kilichopanuka. Kwenye daftari nimeandika "Mwanya". Baada ya Mwanya wakatokea Gaia, yaani Ardhi, na Tartaros aliye chini kabisa, na Eros. Gaia alimzaa Ouranos, Mbingu, bila mume, kisha akamfanya mume. Wakazaliwa Matitani 12, halafu Makyklopi watatu wenye jicho moja, halafu ndugu watatu wenye mikono 100 na vichwa 50 kila mmoja.

Tartaros iko mbali kiasi gani? Hesiodos anapima kwa fuawe, lile pande la chuma ambalo mhunzi hufulia juu yake. Fuawe ikidondoka kutoka mbinguni itashuka siku tisa mchana na usiku na kugusa ardhi siku ya kumi. Kutoka ardhini hadi Tartaros, siku tisa nyingine. Watoto walipenda kipimo hiki kuliko kilomita zozote ambazo ningewatajia.

Kisha kuna jambo la mundu. Ouranos aliwazuia watoto wake wasitoke tumboni mwa mama yao, Gaia akaugua kwa kujaa, akatengeneza mundu, na Kronos, mdogo wa Matitani, akamhasi baba yake. Kwenye daftari nimeandika hivyo bila kuzunguka. Kwa watoto wa darasa la nne nilisema alimjeruhi asiweze kuzaa tena, na wakubwa walielewa. Kilichokatwa kilitupwa baharini, povu likakusanyika, na katika povu akatokea Aphrodite.

Hapo mstari wa vitone wa kwanza ukahitajika. Kwa Hesiodos, Aphrodite ametokana na Ouranos, kwa hiyo ni kama dada wa Kronos, na Zeus anapaswa kumwita shangazi. Kwa Homeros ni binti wa Zeus na Dione. Shangazi au mtoto, ni washairi wawili ambao Wayunani wenyewe waliwaheshimu sawa. Nimechora mistari yote miwili na nimefurahi kuiona ikipishana.

Majina: 29 kati ya 120.

Jumatano, 15 Januari

Leo nimekwama kwenye watoto sita wa Kronos na Rhea, na sioni aibu kusema nimekaa saa tatu na kadi sita tu.

Kwa kuzaliwa, Hesiodos anawataja hivi: Hestia, Demeter, Hera, Hades, Poseidon, na wa mwisho Zeus. Kronos alikuwa ameambiwa kuwa mtoto wake atampindua, basi kila aliyezaliwa alimmeza. Zeus peke yake aliponea. Rhea alimficha Krete na kumpa mumewe jiwe lililofungwa nepi. Baadaye Kronos akatapika, na kilichotangulia kutoka ni lile jiwe alilolimeza mwisho. Zeus aliliweka Delphi. Msafiri Pausanias, wa karne ya 2 BK, anaeleza kuwa aliliona huko, si jiwe kubwa, na kwamba kila siku lilipakwa mafuta.

Sasa, kama jiwe lilikuwa la mwisho kuingia na la kwanza kutoka, na wengine walitoka kwa kufuata mpangilio huohuo wa kinyume, basi walizaliwa mara ya pili wakiwa wamepinduka, Poseidon mbele na Hestia nyuma kabisa. Na Zeus, ambaye hakumezwa, alikuwa tayari kijana mzima walipotoka. Kwa hesabu ya tumbo la mama ni mdogo wa wote. Kwa hesabu ya kutoka tumboni mwa baba ni mkubwa wa wote. Homeros hana shaka yoyote: katika Iliadi Zeus ndiye aliyezaliwa kwanza, na anamtaka Poseidon amtii kwa sababu hiyo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nijisumbue. Ni kwa sababu ya Persephone, aliyechukuliwa na Hades, mungu wa kuzimu, awe mkewe. Baba yake ni Zeus, na Hades ni ndugu wa Zeus. Kwa Kiswahili cha huku kwetu lazima niseme kama Hades ni baba yake mkubwa au baba yake mdogo. Sina neno la katikati. Watu wa pwani wangenikopesha "amu", ambalo halijali umri, na ninaweza kulitumia, lakini nahisi nitakuwa nimelikimbia swali ambalo Wayunani wenyewe walilijua.

Jumamosi, 18 Januari

Persephone tumemsoma leo, na sijawahi kuona chumba kile kikitulia namna ile.

Nilifuata utenzi wa zamani wa kumsifu Demeter, mmoja wa zile zinazoitwa za Kihomeri. Msichana anachuma maua, ardhi inapasuka, Hades anatoka na farasi zake na kumchukua huku akilia. Zeus alikuwa amekwisha kukubali. Baba ametoa binti, mama hana habari. Demeter anazunguka dunia siku tisa na mienge mkononi, hali wala haogi, akiuliza kila mtu.

Nikafika pale Helios, mungu wa jua aliyeona kila kitu, anapomwambia Demeter ukweli, kisha anajaribu kumtuliza: Hades si mkwe wa kukuaibisha, ni ndugu yako mwenyewe wa damu moja. Msichana mmoja wa darasa la sita akaweka mkono mdomoni. "Mwalimu, ndugu wa mama? Si ni mjomba wake huyo!"

Nilikuwa nimeshughulika na baba mkubwa na baba mdogo wiki nzima nikasahau upande wa mama. Demeter na Hades ni wa tumbo moja, kwa hiyo Hades ni mjomba wa Persephone kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Na mjomba kwetu ni mtu wa kukimbilia, ndiye anayesimama upande wa mama yako unapoonewa na upande wa baba. Mtoto yule alisikia katika neno moja ubaya ambao maelezo yangu yote yasingeufikisha. Helios anatumia udugu kama faraja. Demeter, utenzi unasema, alizidi kuhuzunika. Na mimi sasa namwelewa kuliko nilivyowahi kumwelewa.

Komamanga halikuhitaji maelezo, kila mmoja analijua. Hades alimpa punje yake ale, na kwa kuwa alikula chakula cha kuzimu ikabidi arudi huko theluthi moja ya kila mwaka. Theluthi mbili anakaa na mama yake, na ndipo mbegu zinaota.

Kwenye kadi ya Hades nimeandika: "Mjomba wa Persephone kwa mama, baba mkubwa au mdogo kwa baba, tazama Zeus, mume." Tena nimeongeza kuwa yeye ni mtu na si mahali. Homeros anasema "nyumba ya Hades". Baadaye jina la mwenye nyumba likawa la nyumba. Katika Mathayo 16:18 tunasoma "milango ya kuzimu", na Kiyunani chake ni milango ya Hades.

Alhamisi, 23 Januari

Viumbe wa kutisha. Nilidhani itakuwa kazi ya siku moja: zimwi, jini, joka, basi. Imekuwa wiki.

Polyphemos anafaa kabisa kuitwa zimwi. Anaishi pangoni, ni mkubwa kupita kiasi, ana jicho moja, anakula watu wawili wawili, na anashindwa kwa akili. Mtoto yeyote aliyelelewa na bibi anamjua. Lakini Makyklopi wa Hesiodos ni Brontes, Steropes na Arges, mafundi waliomfulia Zeus radi. Hao si mazimwi. Nimewaandika "mafundi wenye jicho moja", na neno zimwi nimemwachia Polyphemos peke yake.

Halafu kuna jina. Odysseus, mmoja wa mashujaa wa vita vya Troia, amenaswa pangoni, anamlewesha zimwi kwa divai, na akiulizwa anaitwa nani anajibu "Outis", yaani si mtu yeyote. Usiku anamtoboa jicho kwa mti wa mzeituni uliochongwa na kuchomwa ncha. Zimwi linapiga kelele, majirani wanakuja nje ya pango kuuliza nani anakuua, na jibu linawafanya waondoke. Jina lisipofanya kazi kwa Kiswahili, kisa kizima kimekufa.

Nilijaribu "Hakuna". Katika ukelele linakubali: "Hakuna anayeniua!" Ila hakuna zimwi, hata lililolewa, litakaloamini mgeni anayeitwa Hakuna. Nilijaribu "Sipo", nikalitupa. Jana usiku nikiosha vyombo likaja lenyewe: Simtu. Linasikika kama jina la ukoo. Na zimwi likilia gizani, "Simtu anayeniua!", majirani nje wanasikia "Si mtu anayeniua!"

Na tazama wanavyojibu kwa Homeros: kama hakuna mtu anayekudhuru nawe uko peke yako, basi ni ugonjwa uliotoka kwa Zeus, hauepukiki, mwombe baba yako Poseidon. Kwa Kiswahili inakaa bila kulazimishwa: "Kama si mtu, basi ni maradhi ya Zeus." Nusu ya Afrika Mashariki ingejibu hivyohivyo usiku wa manane.

Kuna kitu kimepotea, nacho nakiandika ili nisijidanganye. Majirani wa Kiyunani wanatumia umbo jingine la kukanusha, "me tis", linalofanana kwa sauti na "metis", yaani werevu. Odysseus anacheka moyoni kwa jina na kwa werevu pamoja. Simtu hana hilo la pili.

Jumamosi, 25 Januari

Tumesoma Simtu kwa sauti, wavulana wawili wakiwa majirani nje ya mlango. Tulirudia mara tatu kwa kuombwa.

Ijumaa, 31 Januari

Wale Seirene wanaoimba na kuwaua mabaharia: wengi wangewaita nguva. Mimi nimekataa. Homeros haelezi miili yao, anataja sauti, uwanda wenye maua na mifupa ya watu. Lakini wachoraji wa vyungu wa Kiyunani waliwachora kama ndege wenye vichwa vya wanawake. Kuna chungu cha yapata mwaka 480 KK, sasa kiko British Museum, kinachomwonyesha Odysseus amefungwa kwenye mlingoti na hao ndege wamemzunguka. Mkia wa samaki ulikuja karne nyingi baadaye. Ajabu ni kwamba wanasayansi walipolipa jina kundi la nguva wetu wa kweli, wale wanaokula majani ya baharini huku Mafia na Kilwa, waliliita Sirenia. Kwa hiyo nguva amepewa jina la Seirene, na mimi namnyima Seirene jina la nguva. Ndivyo ilivyo sahihi.

"Jini" pia nimelikataa. Majini wana dini yao, mikataba yao na waganga wao, na ukimwita satiro, yule kiumbe wa porini nusu mtu nusu mnyama, jini, msomaji atamtafutia ubani.

"Nimfa" nimelikubali kwa shingo upande. Kiyunani "nymphe" ni bibi harusi, au msichana aliyefikia kuolewa, na ndilo neno lilelile kwa wale wa kike wa chemchemi, miti na milima. Tunalo "mwali", ambalo linabeba karibu mzigo uleule. Ningependa sana kuandika "mwali wa chemchemi". Nimeandika nimfa kwenye bango, na daftarini nikaeleza mwali, maana kwa baadhi ya wazazi mwali ni wa unyagoni na kitu kingine chochote kitawachanganya.

Watoto wa Typhon na Ekhidna wamepata kona yao: Kerberos mbwa wa kuzimu, Hydra wa Lerna joka la vichwa vingi, Khimaira mwenye sehemu za simba, mbuzi na nyoka. Hesiodos anampa Kerberos vichwa 50, wengi baadaye wakampa vitatu. Nitachora vitatu, karatasi haitoshi.

Majina: 74.

Jumamosi, 8 Februari

Herakles. Hapa Kiswahili kimenizawadia.

Zeus alizaa na Danae mtoto Perseus. Perseus akamzaa Elektryon. Elektryon akamzaa Alkmene. Zeus akaja kwa Alkmene kwa sura ya mumewe, akazaliwa Herakles. Hesabu basi: Perseus ni mtoto wa Zeus, Elektryon mjukuu, Alkmene kitukuu, Herakles kilembwe. Herakles ni mtoto wa Zeus na ni kilembwe wa Zeus. Nilipoandika maneno hayo manne ubaoni kwa kufuatana, hata wa darasa la nne waliona mduara ukifunga. Wengine hawakuwa wanajua neno kilembwe, wamekwenda nalo nyumbani.

Eurystheus, yule mfalme aliyempa Herakles kazi, baba yake Sthenelos ni ndugu wa Elektryon. Yeye na Alkmene ni watoto wa ndugu wawili wa kiume, na kwetu hao ni kaka na dada. Kwa hiyo ni mjomba wa Herakles. Yule msichana wa Persephone aliinua kichwa. "Mjomba tena?" Mjomba tena. Homeros anaeleza ilivyokuwa: Zeus aliapa kuwa atakayezaliwa siku ile katika uzao wake atatawala, Hera mkewe akauzuia uchungu wa Alkmene, akamharakisha Eurystheus azaliwe wa miezi saba. Mpwa akazaliwa akiwa tayari yu chini ya mjomba.

Kazi zilikuwa 12, ila kwa Apollodoros zilipangwa 10. Hydra haikuhesabiwa kwa sababu Iolaos alisaidia kuzichoma shingo zisiote vichwa vipya, na kusafisha mazizi ya mfalme Augeias hakukuhesabiwa kwa sababu Herakles alidai ujira. Eurystheus aliogopa hata kumwona akirudi na ngozi ya simba wa Nemea, akajitengenezea kasiki la shaba chini ya ardhi la kujifichia. Kasiki ndilo neno lake hasa, lile la kuwekea maji.

Iolaos ni mtoto wa Iphikles, pacha wa Herakles aliyezaliwa na baba wa kibinadamu. Baba mkubwa au mdogo? Safari hii nimepata jibu bila kuhangaika: Apollodoros anasema Herakles alimzidi mwenzake usiku mmoja. Baba mkubwa.

Neno "shujaa" nimelitumia kote, na walimu wa fasihi wanaweza kuweka "jagina" wakipenda. Ila kwa Wayunani "heros" alikuwa zaidi ya mtu hodari. Alikuwa marehemu mwenye nguvu kaburini, anayepelekewa sadaka ailinde nchi. Waathene walikwenda mpaka kisiwa cha Skyros kuleta mifupa waliyoamini ni ya shujaa wao Theseus, katika karne ya 5 KK. Mtu wa huku akisikia hivyo atafikiria mzimu wa mahali, na hatakuwa mbali.

Mmoja aliuliza kama Akhilles, shujaa wa vita vya Troia anayesemekana kudhurika kisigino tu, ni Liyongo, kwa sababu ya kisigino na kitovu. Nilimwambia asante kwa swali. Liyongo wa utenzi anauawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo ndiyo moyo wa kisa. Akhilles wa Homeros hana kisigino chochote cha siri. Aliyesimulia kuwa mama yake alimchovya katika mto Styx ni Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1 BK.

Alhamisi, 13 Februari

Atlas na binti zake saba kwa Pleione: Maia, Elektra, Taygete, Alkyone, Kelaino, Sterope, Merope. Maia ndiye mama wa Hermes. Hawa saba ndio nyota za Kilimia.

Nilikaa nje usiku kuzitazama. Jina letu linatokana na kulima, na wazee wana msemo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hesiodos, katika shairi lake jingine la kazi za shambani, anamwambia ndugu yake Perses aanze kuvuna binti za Atlas wanapochomoza na aanze kulima wanapozama, na kwamba hujificha siku 40, mchana na usiku. Wao walihesabu kwa majira yao, sisi kwa yetu, kwa nyota zilezile. Kwenye bango hili ndilo jina pekee ambalo sikulitafsiri wala sikulikopa. Lilikuwa letu tayari, na Biblia inalitumia katika Ayubu na Amosi. Nimeandika "Kilimia" kwa wino wa bluu.

Jumatatu, 17 Februari

Andromeda na wazazi wake Kepheus na Kassiopeia, wafalme wa "Aithiopia". Nimeandika hivyo, sikuandika Ethiopia. Kwa Wayunani jina hilo lilimaanisha watu wa nyuso zilizochomwa na jua, mwisho wa dunia. Homeros anawaweka wengine machweo na wengine mawio, na miungu wanakwenda kula karamu kwao. Memnon, mfalme wao aliyeuawa na Akhilles, yuko kwenye bango akiwa mwana wa Eos, Alfajiri.

Majina: 113.

Jumamosi, 1 Machi

Bango limetundikwa. Majina 118, si 120: mawili yalikuwa ya mtu mmoja na jingine nilihesabu vibaya, nayo yamesahihishwa. Gundi imeacha mikunjo upande wa Matitani lakini maandishi yanasomeka kutoka mlangoni.

Kadi moja ilikuwa bado tupu, ya Hestia, mungu wa kike wa jiko la nyumbani, ambaye hana mume, hana mtoto, na karibu hana kisa. Nilimwachia yule msichana wa darasa la sita aiandike. Nilimsomea alivyotajwa katika utenzi wa kumsifu Aphrodite: wa kwanza kuzaliwa kwa Kronos, na tena wa mwisho. Akanitazama, akahesabu kadi sita kwa kidole kutoka kushoto, kisha kutoka kulia. Akaandika kwa herufi zake za mviringo: "Hestia. Kifungua mimba na kitinda mimba."

Kisha akaniuliza kama kalamu ya vitone bado ina wino, kwa sababu kadi ya Zeus nayo inahitaji hivyohivyo.

Jumamosi ijayo: Hermes na ng'ombe 50 wa Apollon.